Acheni kupiga fomati kila kompyuta inapochelewa

Nina jambo linanikereketa tangu wiki iliyopita na nisipolisema leo sitalala vizuri.

Jirani yetu mmoja hapa Sinza, binti anayesoma chuo mwaka wa tatu, alinigongea mlango jioni akiwa na kompyuta yake mkononi. "Kaka, wewe mtu wa habari, unashinda kwenye kompyuta. Hii yangu imekuwa nzito mno. Kuna fundi kasema anaipiga fomati kwa elfu ishirini. Nimpe?" Nikamuuliza kazi yake ya utafiti, ile anayotakiwa kuikabidhi chuoni, ameihifadhi wapi. Akanijibu, "Humo humo."

Humo humo! Nusura nipige yowe.

Ngoja nieleze kwa nini. Mwaka 2021 mimi nilikuwa huyo binti. Pale nyumbani tulikuwa na kompyuta ya mezani, ya mtumba, imekaa sebuleni juu ya meza iliyokuwa ya cherehani. (Najua wapo wanaotaka tuiite tarakilishi na wapo wanaosema ngamizi. Wabishane, mimi nasema kompyuta.) Familia nzima tulikuwa tunaitumia. Mama anapika vyakula vya shughuli, harusi, vikao na misiba, na hesabu zake za miaka kadhaa zilikuwa humo. Mdogo wangu alikuwa anapakua tamthilia za Kikorea kana kwamba kuna mtu anamlipa mshahara. Mimi nilikuwa naandika habari zangu usiku, wengine wakishalala. Na humo humo, kwenye folda niliyoiweka moja kwa moja kwenye diski C kwa uvivu tu, kulikuwa na rekodi 11 za sauti ya babu yangu.

Babu alikuwa mstaafu wa reli. Nilimrekodi Tabora mwaka 2018, siku nne mfululizo, kwenye baraza ya nyumba yake. Alinisimulia maisha ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, habari za vituo na mabehewa na wakubwa wa kazi waliokuwa hawapendi kusikia neno "kwa nini". Alinisimulia pia habari za mke wake wa kwanza, ambaye hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kunitajia hata jina lake. Nilikuwa na mpango wa kuandika makala ndefu. Mipango ya waandishi mnaijua. Babu akafariki mwaka 2020 makala haijaandikwa.

Sasa, kuanzia mwezi wa tatu mwaka 2021 kompyuta ile ilianza kujikokota. Unaiwasha, unakwenda kuchemsha chai, unarudi, bado inafikiri. Ukifungua folda, kioo kinaganda. Umeme ukikatika, na mtaani kwetu ulikuwa unakatika, ikiwashwa tena inaleta kioo cheusi chenye maandishi ikisema inataka kukagua diski, na kwamba ukitaka kuruka ukaguzi ubonyeze kitufe chochote. Mimi nilikuwa nabonyeza. Kila mara. Nina habari ya kupeleka, mhariri ananipigia simu, nani ana muda wa kukagua diski? Mdogo wangu naye alikuwa anabonyeza. Nadhani hata mama tulimfundisha kubonyeza. Na kulikuwa na mlio, tk, tk, tk, unaotoka ndani ya sanduku, ambao tulisema ni feni.

Tukaipeleka kwa fundi Kariakoo. Sitaki mtu afikiri namlaumu, hakuwa mtu mbaya. Aliiwasha, akaitazama kama dakika mbili, akasema, "Imejaa uchafu hiyo, bro. Tunapiga fomati, inarudi kama mpya." Akaniuliza kama kuna vitu vya kuhifadhi. Nikamwambia vyote viko kwenye Documents na pale mbele kwenye kioo cha mwanzo. Akavinakili, akapiga fomati, akaweka Windows upya, nikalipa elfu thelathini. Folda ya babu niliisahau. Niliisahau mimi, si yeye.

Na kweli bwana, ikarudi kama mpya! Wiki tatu tulifurahi. Mama akasema fundi yule apewe zawadi ya pilau.

Siku niliyokumbuka folda ile sitaisimulia. Niseme tu kwamba fomati ya haraka haifuti data yenyewe, inafuta orodha inayoonyesha kila kitu kiko wapi, kwa hiyo kuna uwezekano wa kuokoa kile ambacho hakijaandikwa juu yake. Nikaazima diski ya nje, nikatumia programu moja ya bure inayoitwa PhotoRec, nikaiacha ikifanya kazi usiku. Inaokota mafaili bila majina, yote yanaanza na herufi f na kufuatiwa na tarakimu, kwa hiyo unasikiliza moja baada ya jingine, wimbo wa Bongo Flava, wimbo mwingine, tangazo, wimbo, halafu ghafla babu anakohoa. Usiku wa kwanza na wa pili nilipata rekodi nne, moja imekatika katikati. Asubuhi ya siku ya tatu kompyuta haikuiona diski kabisa. Mlio wa tk ulikuwa umekuwa mkubwa, kisha ukanyamaza.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma mambo haya kwa hasira, na hapo ndipo nilipofika kwenye msimamo wangu wa leo. Tunachanganya uchafu na ugonjwa. Kompyuta yenye uchafu inachelewa, na kompyuta yenye diski inayokufa inachelewa, na sisi zote tunazipa dawa moja. Zamani ukiwa na homa ulikuwa unapewa dawa ya malaria bila kupimwa. Siku hizi hata zahanati ya mtaani wanakutoboa kidole kwanza. Kompyuta bado iko kwenye zama za zamani.

Hebu tuangalie diski kuu yenyewe (wale wa Kariakoo wanaiita hadidiski). Nazungumzia zile za kuzunguka, ambazo bado zimejaa kwenye kompyuta nyingi za mtumba. Ya kwanza kabisa ilitolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na ilibeba herufi milioni 5, na ukubwa wake ulikuwa wa kabati. Miaka imepita lakini wazo halijabadilika. Ndani kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wenye kichwa cha kusomea, mfano wa sindano ya santuri, ila hiki hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa nafasi ya nanomita chache tu. Ukishaelewa hilo utaacha kuipiga kompyuta makofi ikichelewa.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Sahani ya mizunguko 7,200 inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3 hivi. Mkono kuhama kutoka mahali hadi mahali kunachukua kama milisekunde 9 kwa wastani. Ukifika, unasubiri kipande unachokitaka kizunguke mpaka kifike chini ya kichwa, kwa wastani nusu mzunguko, yaani milisekunde 4 na kidogo. Jumla ni kama 13. Unaweza kusema hizo ni chache, lakini maana yake ni kwamba diski haiwezi kuruka kutoka mahali hadi mahali zaidi ya mara 75 hivi kwa sekunde. Faili lililokaa pamoja, diski ya kawaida ya mezani inaweza kulisoma kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Vipande vya kilobaiti 4 vilivyotawanyika huku na huku, diski hiyo hiyo itavisoma kwa kilobaiti 300 kwa sekunde. Tofauti ni zaidi ya mara mia tatu! Ni kama kumwambia mama apike pilau wakati mchele uko jikoni, vitunguu viko sebuleni na bizari iko kwa jirani. Mpishi ni yule yule, jiko ni lile lile, ila muda wote yuko njiani.

Basi huo ndio uchafu halisi. Si vumbi, wala si "takataka" za kiroho ambazo mafundi wanazisema bila kuzifafanua. Diski inapojaa, nafasi zilizobaki zinakuwa vijishimo vijishimo, faili jipya likija linakatwakatwa ili lienee. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mistari ya nje ya sahani ni mirefu na inabeba data nyingi zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo sehemu ya nje inasomwa haraka kuliko ya ndani, wakati mwingine karibu mara mbili. Kwa kawaida diski inaanza kujazwa kutoka nje. Kwa hiyo mwenye diski iliyojaa hadi shingoni analipa mara mbili, mafaili yake mapya yamekatwakatwa na yamesukumwa kwenye sehemu ya polepole.

Ongeza na programu zinazojiwasha zenyewe. Kila programu tuliyowahi kuweka, ya kupakulia filamu, ya kuzungumzia, ya printa ambayo hata hatuna tena, inataka kuamka pamoja na kompyuta asubuhi. Zote zinauita mkono ule ule kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukatazama safu ya Disk, unaona asilimia 100 wakati hujafungua kitu chochote. Na kama kompyuta ina kumbukumbu ndogo, tuseme gigabaiti 4 za RAM, inafanya jambo baya zaidi, inaigeuza diski kuwa kumbukumbu ya akiba, na mkono haupumziki kabisa. Mtu wa namna hiyo hahitaji fomati. Anahitaji kuongeza RAM, na pengine gharama ni ile ile.

Sasa unaona kwa nini fomati inaonekana kuwa dawa. Inafuta programu zinazojiwasha, inaacha nafasi wazi, inaipanga Windows upya kwenye sehemu ya nje ya sahani. Lazima iende haraka! Hata kompyuta mgonjwa itakwenda haraka kwa wiki tatu. Lakini fomati ya haraka haiukagui uso wa sahani hata kidogo. Kama kuna sehemu zilizokufa, zimebaki pale pale zikisubiri faili jipya likae juu yake. Kompyuta yetu haikupona ile siku ya pilau. Ilifichiwa homa.

Ugonjwa una dalili zake. Folda inaganda kwa sekunde kumi halafu inafunguka kama hakuna kilichotokea. Kunakili faili kunafika asilimia 60 na kusimama. Mlio wa kugonga. Kompyuta inaomba kukagua diski mara kwa mara, hata pale umeme haujakatika. Hizi si dalili za uchafu. Na diski yenyewe inaweka kumbukumbu za afya yake, kitu kinachoitwa SMART, kipo kwenye karibu kila diski unayoweza kuikuta leo. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo inakufungulia kumbukumbu hizo. Bluu maana yake nzuri, njano maana yake tahadhari, nyekundu maana yake mbaya. Mistari ya kuangalia kwanza ni ile yenye alama 05, C5 na C6. Wa kwanza unahesabu sehemu mbovu ambazo diski imezihamisha, wa pili ni zile zinazotiliwa shaka, wa tatu ni zile zilizoshindikana kabisa. Ukiona si sifuri na zinaongezeka wiki hadi wiki, usimwite fundi wa fomati. Nunua diski nyingine.

Mwaka 2007 watafiti wa Google walitoa utafiti wa diski zao zaidi ya laki moja. Walikuta kwamba diski ikishaonyesha kosa lake la kwanza la uso wa sahani, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya zile zisizo na kosa. Mara 39! Lakini hapo hapo walikuta kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuonyesha dalili yoyote kati ya zile nne kubwa. Maana yake ni kwamba njano ni habari mbaya ya kuaminika, bluu si ahadi. Ndiyo maana nitakuchosha na suala la kunakili mafaili mpaka uchoke.

Kuna tahadhari moja hapa ambayo ningeambiwa mwaka 2021 ningeibusu miguu ya aliyeniambia. Ile amri ya chkdsk ina viwango. Ukiipa herufi /f inatengeneza orodha na mpangilio wa mafaili, ni kazi ya muda mfupi. Ukiipa /r inasoma diski yote kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta sehemu mbovu, na kwenye diski ya gigabaiti 500 inaweza kuchukua saa nyingi. Diski nzima inaweza kuhimili hilo. Diski inayokufa unaimalizia pumzi. Kwa hiyo nakili kwanza vitu vyako, halafu ndipo uikague. Usibadilishe mpangilio huo hata fundi akicheka.

Haya, matengenezo yenyewe sasa. Watu wanategemea nitoe orodha ya mambo ishirini. Sina. Kazi yangu kwa mwezi haizidi nusu saa, na nyingi ni ya kusubiri. Naangalia afya ya diski kama nilivyosema. Nazima programu zisizo na sababu ya kujiwasha, kwenye sehemu ya Startup ya Task Manager, ambayo imekuwepo pale tangu Windows 8. Naangalia nafasi. Enzi za XP programu ya kupanga mafaili ilitaka angalau asilimia 15 ya diski iwe wazi ili ifanye kazi vizuri, na mimi bado naifuata hesabu hiyo. Tamthilia za mdogo wangu zimehamia kwenye diski ya nje na vita ile ilichukua miezi miwili. Windows ina kifaa chake cha kufuta mafaili ya muda, Disk Cleanup, kimekuwepo tangu Windows 98, hakina mbwembwe na hakidai malipo.

Kuhusu kupanga vipande vya mafaili, tangu Vista ya mwaka 2007 Windows inafanya yenyewe kila wiki. Watu wakilisikia hilo wanastarehe. Lakini jiulize inafanya saa ngapi. Kuanzia Windows 8 matengenezo ya kila siku yamepangwa usiku wa manane! Ikikosa muda huo inasubiri kompyuta iwe imewashwa na haina kazi. Sasa nyumba zetu, nani anaacha kompyuta imewashwa usiku wa manane na luku inahesabu? Sisi tunazima ukutani. Ikiwashwa, kuna mtu ameshakaa kwenye kiti na wawili wanasubiri nyuma yake. Matokeo yake kuna kompyuta zinakaa muda mrefu bila kupangwa, wakati kitabu kinasema zinajipanga zenyewe. Fungua programu iitwayo Defragment and Optimize Drives, itakuonyesha tarehe ya mwisho. Nilipoangalia ya ofisini nilipokuwa nafanya kazi wakati huo ilikuwa na miezi mingi. Ianzishe wewe mwenyewe, halafu nenda kale chakula cha mchana.

Ila kama diski yako ni SSD, usiipange vipande. SSD haina sahani wala mkono, haihami popote, kuruka kwake kunachukua sehemu ndogo sana ya milisekunde moja, kwa hiyo vipande havina neno. Kuipangapanga ni kuimaliza bure, kwa sababu chembe zake zina kikomo cha kuandikwa. Windows za sasa zinaitambua na kuitumia amri tofauti inayoitwa TRIM, ya kuiambia sehemu zipi hazitumiki tena. Waachie kazi hiyo.

Na zile programu zinazotangaza kuifanya kompyuta yako iende mara tatu zaidi kwa kubofya mara moja? Mimi sizitaki. Zile za "kusafisha rejista" hata Microsoft wenyewe wamesema hawaungi mkono matumizi yake. Na mwaka 2017 wahalifu walipenyeza programu haribifu ndani ya CCleaner, toleo la 5.33, likatolewa kwa njia rasmi kabisa, na kompyuta zaidi ya milioni 2 zikawa nalo kabla halijagunduliwa mwezi wa tisa. Mtu alikwenda kusafisha nyumba akaingiza mwizi. Sisemi programu ile haifai leo, nasema kadiri unavyokaribisha wasafishaji ndivyo unavyoongeza milango.

Narudi kwa mafundi. Nimewasikia marafiki zangu wakiwaita matapeli na sikubaliani nao. Nimekaa na mafundi kadhaa tangu wakati ule. Mmoja aliniambia maneno ambayo sijayasahau: mteja akija nikimwambia naipima diski yako, niachie mpaka kesho, nataka elfu kumi ya kupima, ananiuliza kupima nini, wewe tengeneza. Anavuka barabara anakwenda kwa mwenzangu, anapigiwa fomati kwa saa mbili, anaondoka anacheka. "Nyie wenyewe ndio mnanunua fomati," akasema. Nikakosa la kumjibu, kwa sababu mimi nilinunua, na nikataka kuongeza na pilau juu.

Tunataka kulipia kitu kinachoonekana. Fomati inaonekana, kioo kipya, picha mpya ya milima na maziwa, kasi ya siku ya kwanza. Kupima hakuonekani. Unaweza kulipa na ukaambiwa kompyuta yako haina tatizo, ongeza RAM, futa tamthilia. Inauma. Lakini kwenye gari tunalipa bila kunung'unika. Hakuna dereva anayeng'oa injini kila gari linapokosa nguvu, kwanza anauliza plagi, anauliza filta. Hata bodaboda wa pale kituoni kwetu anabadilisha oili kwa tarehe anayoijua kichwani, na pikipiki yake haina sauti ya babu yake ndani.

Kuna watakaoniambia mbona unahangaika na mambo ya kale, nunua SSD umalize kazi. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Kompyuta ya sasa ya mama tuliiwekea SSD ndogo kwa ajili ya Windows, tukabakiza diski ya kuzunguka kwa picha na filamu, na hakuna kitu kingine tulichowahi kuifanyia kompyuta kikaleta tofauti kama hiyo. Ukiwa na hela ya kufanya jambo moja tu, fanya hilo kabla ya mengine yote niliyoyaandika hapa. Ila SSD nayo inakufa, na mara nyingi inakufa kimya, bila tk wala nini. Jioni ilikuwa nzima, asubuhi haipo. Diski yangu ya kuzunguka angalau iliniita kwa miezi miwili, mimi ndiye niliyebonyeza kitufe.

Kwa hiyo rekodi nne za babu sasa ziko sehemu tatu. Moja iko kwa mama, moja iko kwenye diski ya nje kabatini kwangu, moja iko kwa shangazi Tabora kwenye flashi aliyoifunga kwenye leso pamoja na hati za kiwanja. Ile iliyokatika inaishia pale babu anapotaka kutaja jina la mke wake wa kwanza. Nimewauliza wazee wawili wa ukoo, wote wamesema hawakumbuki, na mmoja nina hakika ananidanganya.

Binti wa jirani je? Hatukupiga fomati. Tulinakili kwanza kazi yake ya utafiti kwenye flashi mbili na kwenye barua pepe yake, tukala, halafu tukaangalia afya ya diski. Njano. C5 ilikuwa na 24. Siku mbili baadaye ikawa na 40. Amenunua SSD, tumehamisha kila kitu Jumamosi, na ile diski ya zamani ameiandika kwa kalamu ya wino mzito "MBOVU, USITUMIE" kwa sababu anamjua kaka yake.

Yule fundi aliyenipa ukweli alihamia Mwanza. Kama unamjua mwingine, mitaa hii ya Sinza, Manzese mpaka Mwenge, ambaye anapima kwanza kabla ya kugusa kitu, nitajie duka lake. Elfu kumi yake ya kupima ninayo mkononi.